Kalale Ushongo kabla hujanunua kiwanja

Kwenye kundi letu la WhatsApp, wana Tanga tulioko Uingereza, siku hizi picha za harusi zimepungua na za viwanja zimejaa. "Ekari moja Pangani, unatoka mlangoni unakanyaga mchanga, bei ya kutupa." Tangu ianze kujengwa barabara ya lami ya Bagamoyo–Pangani–Tanga kila mtu anataka kipande chake cha pwani, hata ambaye mara ya mwisho kuvuka Mto Pangani alikuwa amebebwa mgongoni. Ushauri wangu ni mmoja: nenda kwanza Ushongo, kijiji cha pwani huko Pangani, kama mgeni, ulale, ule, ulipe. Huenda ukirudi hamu ya kununua imekwisha.

Ninakoishi, kusini-magharibi mwa Uingereza, mchezo huu ulishachezwa hadi mwisho. St Ives ulikuwa mji wa wavuvi. Wenye fedha wakazinunua nyumba ndogo za karibu na bandari kwa ajili ya wiki chache za kiangazi. Pita pale Januari jioni uone: mtaa mzima giza, taa mbili tatu tu za wazee walioshindikana kuuza. Vijana waliozaliwa pale wanapanga mbali, asubuhi wanapanda basi kwenda kuwatandikia wageni vitanda kwenye mji wa babu zao. Mwaka 2016 wenyeji walipiga kura, zaidi ya asilimia 80 wakataka nyumba mpya zisijengwe tena kwa watu wasioishi pale mwaka mzima. Vizuri, lakini zile za zamani zilishakwenda.

Waingereza hao hao, hata hivyo, wana jambo ambalo ningependa tuwaige. Chama chao cha National Trust, kilichoanzishwa 1895, kilianza mwaka 1965 kuchangisha fedha za kununua pwani ili isijengwe. Leo unatembea juu ya majabali ya pwani hiyo bure, unalipia maegesho na chai na skonzi. Mtu anayebishana dukani kwa senti kumi pale analipa bila kununa, maana anajua inakokwenda.

Sisi je? Tongoni iko kilomita kama 20 tu kusini mwa Tanga mjini. Kuna msikiti uliobaki kuta, na makaburi yapatayo 40 ya mji uliokuwa na watu wake na biashara yake kabla Vasco da Gama hajapita hapo mwaka 1498. Nguzo nyingi za makaburi zimeanguka. Kwenye mawe unaona vishimo vya mviringo, ndimo vilimokuwa vyombo vya kauri, watu wakaving'oa. Mzee aliyenitembeza alinipa kitabu cha wageni nitie sahihi. Nikafunua nyuma: Wajerumani, Wataliano, wanafunzi wa shule, Wajerumani tena. Binamu zangu wanaokaa Tanga mjini hawajawahi kufika. Nilipomwuliza mmoja, akanijibu, "Kwani kuna nini kule, kaka? Makaburi tu." Chumvi ya bahari inatafuna chokaa, na ukuta wa mawe ya matumbawe unataka fundi anayeujua. Mahali pasipo na mtu anayekwenda, sijui nani atapakumbuka wakati wa kugawa bajeti.

Ushongo, ng'ambo ya Pangani, wamefika mbali zaidi. Mbele yao kuna Maziwe, kisiwa kilichokuwa na miti na leo ni fungu la mchanga linalofunikwa maji yakijaa. Kasa bado wanapanda kutaga, na mayai yakiachwa pale yanazama, kwa hiyo yanahamishiwa ufukweni Ushongo, yanafukiwa upya na kulindwa hadi yaanguliwe, kama miezi miwili. Siku niliyokuwepo, mlinzi alipiga magoti akachota mchanga kwa viganja, polepole, mpaka kikatokea kikono cheusi kisichozidi ncha ya kidole. Kisha kingine. Kisha shimo zima likachemka. Wageni tuliwekwa nyuma ya mstari aliouchora kwa kijiti, simu mfukoni, kwa sababu mwanga unawapoteza wadogo wale wakashindwa kujua bahari iko wapi. Zamani mayai yale yalikuwa kitoweo. Sasa mgeni analipa kuona kasa wakienda majini, na fedha inapita kwa mlinzi, kwa nahodha wa mashua, kwa mama aliyetupikia pweza wa nazi (sijala pweza vile tangu nihame), hadi kwa kijana wa bodaboda.

Sasa weka pale jumba la mtu wa ughaibuni: ukuta, taa za ulinzi usiku kucha, na mlinzi anayewafukuza wanawake wanaoshuka maji yakitoka kutafuta pweza. Mwenyewe anakuja Desemba moja katika tatu. Huyo amewapa kijiji nini, zaidi ya bei ya shamba iliyoliwa ikaisha?

Sisemi watu wasijenge. Jenga nyuma, panda mikoko, ajiri watu wa hapo, waache wapite. Sheria ya Mazingira ya 2004 inakataza shughuli za kudumu ndani ya mita 60 kutoka baharini, kwa hiyo dalali anayekuahidi "mlango hadi majini" mwulize hizo mita zimekwenda wapi. Na wewe unayetuma zile picha kila Jumamosi, unajijua: ukijenga ukuta hadi kwenye mchanga, siku ya kuhamia usinialike.