Kipokezi cha Estrojeni Hakifanyi Kazi Peke Yake

Majibu ya maabara yanapoonyesha kwamba saratani ya titi ina vipokezi vya estrojeni, yaani protini za ndani ya seli zinazoipokea homoni hiyo, kama ilivyo kwa wagonjwa wapatao saba kati ya kila kumi, wengi huyapokea kama hukumu iliyokwisha kutolewa: estrojeni ndiyo inayoulisha uvimbe, basi izuiwe. Kwa maoni yangu usomaji huo ni finyu, kwa sababu unakichukulia kipokezi kuwa kitu kinachoingoja homoni tu, ilhali ndani ya seli kimezungukwa na protini za kupitisha ishara zinazoweza kukiamsha hata homoni inapokuwa haba.

Chukua HER2, protini inayokaa kwenye utando wa seli. Ikisisimka kupita kiasi huanzisha mfululizo wa ishara, kimeng'enya kimoja kikikiamsha kingine, hadi kuvifikia MAPK na AKT, navyo huchangia kubandika fosfeti, kikundi kidogo cha kemikali chenye fosforasi, kwenye kipokezi cha estrojeni, hasa katika serini (mojawapo ya asidi amino zinazojenga protini) ya nafasi ya 118 na ya 167. Fosfeti hiyo, ndogo jinsi ilivyo, hubadili namna kipokezi kinavyoshikana na protini saidizi zinazowasha jeni za ukuaji. Hapo ndipo tamoksifeni, dawa inayoziba nafasi ya estrojeni kwenye kipokezi, iliyoidhinishwa Marekani mwaka 1977 na ambayo sina nia ya kuibeza, inapoweza kupungukiwa nguvu: nafasi ya homoni imezibwa, lakini amri ya kukua imepitia mlango mwingine.

Tena mawasiliano haya ni ya pande mbili. Jeni ya PIK3CA, inayohusika na njia ya ishara ya PI3K, hukutwa imebadilika katika takriban asilimia 40 ya saratani zenye vipokezi vya homoni na zisizo na HER2 kwa wingi. Lakini njia hiyo ikizuiwa peke yake, kipokezi cha estrojeni huelekea kuongeza bidii. Ndiyo maana naona ilikuwa busara alpelisibu, dawa inayozuia njia ya PI3K, ilipoidhinishwa mwaka 2019, kuambatanishwa na fulvestranti, dawa ambayo hukifanya kipokezi chenyewe kivunjwe.

Kwa kuwa HER2 yenye nguvu inaweza pia kupunguza idadi ya vipokezi, na kwa kuwa jeni ya kipokezi, ESR1, hubadilika kwa baadhi ya wagonjwa baada ya matibabu ya muda mrefu ya kupunguza estrojeni, napinga kutegemea sampuli ya zamani ya uvimbe saratani inaporudi, pale ambapo mpya inaweza kuchukuliwa bila hatari kubwa.