Jina la Mama na ndoo ya dagaa

Ukishuka soko la samaki la Mwaloni, Kirumba, hapa Mwanza, asubuhi dagaa wakishushwa, hutapita hatua kumi hujasikia "mama". Mama, nipimie. Mama, ndoo hii haijajaa. Neno hilohilo linakusubiri Viwanja vya Furahisha kwenye mikutano ya hadhara. Na tangu Samia Suluhu Hassan aapishwe Machi 2021, limetoka kwenye salamu likawa kauli mbiu: "Mama anaupiga mwingi."

Wanaopinga Rais kuitwa Mama wana hoja nzito. Nyerere tulimwita Mwalimu, Magufuli Tingatinga. Majina ya kazi hayo. Mwanamke akishika nchi anapewa jina la nyumbani, na kipimo cha nyumbani kinamfuata: akikaza, "mama gani huyu?"; akilegeza, "nchi imemshinda". Samia mwenyewe, kwenye maombolezo ya Magufuli kule Dodoma, alisisitiza kwamba aliyesimama pale ni Rais, ila mwenye maumbile ya kike. Mkazo aliuweka kwenye Rais. Tena kuna upande usiosemwa sana: jina hilo humkinga mwenye madaraka. Nani amuulize mama matumizi mbele za watu asionekane hana adabu? Hapo anayepunjwa ni mpiga kura.

Lakini tusikimbilie kulizika. Mwinyi naye alikuwa Mzee Ruksa, na hakuna aliyedai uzee ulimpunguzia urais. Huku Usukumani, kumwita mwanamke mtu mzima kwa jina lake kavu ndiko kumkosea. "Mayu", yaani mama kwa Kisukuma, ndiyo hodi yenyewe. Getrude Mongella, mzaliwa wa Ukerewe, alikuwa katibu mkuu wa mkutano wa dunia wa wanawake uliofanyika Beijing mwaka 1995, akabaki na jina la Mama Beijing. Halikumfungia jikoni. Mwaka 2004, akiwa mbunge wa kuchaguliwa wa Ukerewe, alikuwa rais wa kwanza wa Bunge la Afrika. Umama wake ulikuwa umeshikizwa kwenye kazi ambayo kila mtu aliijua.

Mimi naelemea huku, kwa sharti. Watunga kauli mbiu (na sisi waandishi tunaozimeza bila kutafuna) tumechukua nusu ya neno: mama wa kulea, kubembeleza, kusamehe. Mama wa Mwaloni ni mfanyabiashara. Ameamka alfajiri, mtaji wa kukopa, bei ya gunia iko kichwani. Ukimwambia ndoo haijajaa, hakuambii umemvunjia heshima. Anabishana nawe, kisha anaongeza, au anakuonyesha kwa nini haongezi.

Angeline Mabula alikuwa mbunge wa Ilemela kuanzia 2015, na kati ya 2022 na 2023 akawa Waziri wa Ardhi. Mtu wa mji huu wa milima na mawe, mwenye mgogoro wa kiwanja, angeweza kumwamkia "shikamoo mama", akaitikiwa marahaba, na sentensi ya pili ikawa: hati yangu iko wapi?