Manjano Yamepauka, Mwalimu Kesharudi Kwao

Juzi mwenye duka mmoja wa Mji Mkongwe karejesha mzigo wa mikoba kwa kina mama wa kijijini kwetu. Mikoba ya marikani, mikanda ya ukili, kazi safi. Ilitundikwa dirishani ikapigwa na jua, na ile njano iliyomfanya aagize mzigo mzima sasa ni kama maji ya mchele.

Aliyewafundisha kutia rangi ile kwa manjano ya mchuzi ni mgeni aliyekuja likizo. Kalala hoteli ya pwani, asubuhi anakuja kijijini kufundisha rangi za mimea. Picha zipo mtandaoni mpaka leo: kanga begani, mikono ya njano, kina mama nyuma wanacheka. Yeye kesharuka na ndege. Anayepigiwa simu na kuulizwa kwa nini anauza vitu feki ni bi mkubwa wa kikundi.

Sina ugomvi na manjano. Nayapenda kwenye mchuzi, nayapenda kwenye singo la bi harusi. Lakini nani hapa Unguja hajamwagiwa mchuzi kwenye kanzu nyeupe? Unapaka sabuni ya mche, doa linageuka jekundu mbele ya macho yako. Unasuuza, linabaki njano. Mama anakwambia liache, anaanika kanzu juani, na baada ya siku kadhaa doa halipo. Jua linaila rangi ya manjano, na kila mwanamke aliyekuwa kwenye darasa lile analijua hilo tangu yuko msichana. Ndilo linalonikera. Darasa zima lilikuwa na jibu, na mwalimu hakuuliza swali.

Nilimuuliza mmoja wao, somo yake mama, mbona hamkusema? "Nimwambie nini mgeni wa watu, mwanangu? Kaja kwa mapenzi yake, kaleta na biskuti." Haya. Heshima zetu nazo zina gharama yake.

Na zingefuri je? Ile wanayopakwa watalii midomoni kwenye ziara za viungo? Hadithi ile ile, inapendeza leo, jua halina huruma nayo.

Kinachokaa kina kazi, na kazi haipigi picha nzuri. Marikani lazima ichemshwe kwanza kwa sabuni na magadi mpaka itoe uwanga wa kiwandani, maana rangi haipenyi juu ya uwanga. Kisha pamba inataka tanini ya kushikia rangi, yaani ule ukakasi wa majani na magome, kisha shabu, ndipo rangi. Tanini tunayo imejaa uani: majani ya mpera, maganda ya komamanga, makumbi ya nazi. Makumbi peke yake yanatoa kahawia nzuri, na ukitia maji ya misumari yenye kutu inakoza kuelekea nyeusi. Ila kahawia haiwiki kwenye simu kama manjano, basi haikufundishwa.

Magome ya mkoko yana tanini nyingi kweli. Enzi za Wajerumani yalipakiwa majahazi kwa majahazi kutoka Rufiji kwenda kutengenezea ngozi. Lakini ukimbandua mkoko magome yake umemuua, kwa hiyo na hilo tusilete. Kuni za kuchemshia sufuria mara tatu nani ananunua, sijasikia aliyeuliza.

Haya, nikubali kidogo, roho ikiniuma. Rangi za unga tunazonunua dukani zinakuja kwenye kikaratasi kisicho na jina. Kina mama wanageuza vicha vya miyaa ya kusukia ukili kwenye maji yanayotokota, mikono mitupu, na maji yakishatumika yanamwagwa hapo hapo karibu na kisima. Mgeni alilisema hilo na alisema kweli. Na aliwaonesha kupima kwa mizani badala ya kukisia kwa kiganja. Hilo limebaki na linafaa. Ila na yeye akumbuke unga huo umetoka wapi. Mwaka 1856 huko London kijana wa miaka 18, William Perkin, alikuwa anatafuta kutengeneza kwinini, dawa ya malaria, akaambulia zambarau. Ndipo viwanda vya rangi hizi vya Ulaya vikaanza. Walioueneza unga duniani ndio leo wanakuja kutukanya tuuache, kwa darasa la likizo.

Nasikia mwengine yuko njiani, keshaomba nafasi kwa sheha. Aje, karibu sana. Aanze kwa kukaa mkekani awaulize kina mama nguo zao hutoka madoa vipi. Kipande cha kwanza kikitoka sufuriani kisiende kwenye simu, kiende kwenye kamba, nusu kifunikwe kwa gazeti nusu kipigwe na jua, mpaka mwezi mwengine uandame. Ndipo tuzungumze habari ya kuuza. Shabu asijisumbue kuibeba. Ipo Darajani, na bei yake haifiki hata nauli ya teksi ya kumtoa uwanja wa ndege.