Mululuza, kitunguu na seli za kinga: maabara imesema nini hasa?

Sokoni Busia, upande wa Uganda, mama mmoja muuza mitishamba huyafikicha majani ya mululuza, mti mdogo wa majani machungu, kwenye beseni la maji hadi povu lijae, kisha huyachuja kwa kitambaa na kumjazia mteja chupa. Maji ya kijani, machungu mno. "Hii inatoa moto mwilini," anasema. Siku hizi vijana wanamjibu kwa neno walilolisoma kwenye simu: flavonoidi, kundi la kemikali za mimea. Mmoja anasema sayansi imekubali, mwenzake anasema ni biashara tu.

Anayesema sayansi imekubali ana hoja nzito. Mululuza una luteolini. Kitunguu chekundu kina kwasetini, hasa kwenye yale matabaka ya nje tunayomenya na kutupa. Zote mbili ni flavonoidi, na zote zinagusa mchochota, yaani ule wekundu, joto, uvimbe na maumivu ya mwili unaopigana. Makrofaji, seli ya kinga inayomeza vijidudu, ina protini iitwayo NF-kB, ambayo siku zote imefungwa na protini nyingine kama mbuzi kwenye kigingi. Bakteria wakiingia, vimeng'enya hukata kamba ile; NF-kB huingia kwenye kiini cha seli na kuwasha jeni za TNF na IL-6, protini zinazoeneza mchochota, na za COX-2, kimeng'enya kilekile ambacho ibuprofeni hukizuia. Luteolini na kwasetini huwadhoofisha wakata kamba hao, na TNF hupungua. Jambo hili limerudiwa katika maabara nyingi mno, na kulikana ni ukaidi.

Lakini kipimo je? Kwenye sahani ya maabara seli huogeshwa kwa dawa ya mikromola (kipimo cha wingi wa kemikali ndani ya kimiminika) 10 hadi 50. Ukila vitunguu, kwasetini ndani ya damu kwa kawaida huwa chini ya mikromola 1 au huipita kidogo tu, tena si ile uliyoimeza: utumbo na ini vimekwisha kuibandika glukuronidi na salfeti, vipande vya kemikali, ili itolewe upesi. Watetezi wana jibu: makrofaji zilizo penye mchochota zinaweza kubandua glukuronidi hiyo na kuiachia kwasetini palepale inapohitajika. Jibu hilo linanivutia kweli. Ila halisemi lolote kuhusu chupa ya Busia, ambayo hakuna aliyeipima.

Kwa binadamu picha haijanyooka. Utafiti wa COSMOS wa Marekani, uliotolewa mwaka 2022, uliwapa watu zaidi ya 21,000 ama flavanoli za kakao, ambazo nazo ni aina ya flavonoidi, miligramu 500 kwa siku, ama kidonge kisicho na dawa. Matukio ya moyo kwa jumla hayakupungua kwa kiwango cha kutegemewa. Vifo vya moyo vilipungua kwa asilimia 27.

Sisi Uganda tulilipitia jambo hili kwa haraka mwaka 2021, wakati wa Covidex, dawa ya mitishamba ya Profesa Patrick Ogwang wa Chuo Kikuu cha Mbarara. Mamlaka ya dawa iliiruhusu iuzwe kama dawa ya kumsaidia mgonjwa, si ya kuponya korona. Mtaani ilivuma ile ruhusa. Sharti lake halikuvuma.

Kinachonikosesha usingizi ni homa ya mtoto. Mchochota ni silaha, na kuipunguza makali hakuui kimelea cha malaria. Mtoto anaweza kutulia saa chache huku vimelea vikizidi kuongezeka kwenye damu, na kwa malaria saa hizo ni uhai. Kitunguu na majani ya nakati viliwe kila siku, sina ubishi hata kidogo. Chupa kushika nafasi ya kipimo cha malaria, hapo nakataa.

Nilimuuliza mama yule angefanya nini mjukuu wake akichemka usiku. Alikung'uta povu mikononi. "Kituo cha afya kwanza, apimwe. Mululuza baadaye." Nikamwomba awaambie hivyo na wateja wake, kabla hawajalipa.