Stima ya Shilingi 8 Haipandi Ngazi

Msimamizi wa ploti yetu amebandika karatasi langoni: "NI MARUFUKU KUCHAJI PIKIPIKI. ATAKAYEPATIKANA ATAKATIWA STIMA." Herufi kubwa, na mhuri juu yake. Mlengwa tunamjua sote. Ni jirani wa ghorofa ya tatu, mtu wa boda ya stima, ambaye kila usiku hupanda ngazi na betri begani, maana waya wa ekstensheni aliokuwa akiuteremsha dirishani ulishapigwa marufuku kitambo.

Na ndiye huyo tunayemhubiria kila siku aachane na petroli.

Kuanzia Aprili 2023 EPRA, mamlaka ya kudhibiti bei za kawi nchini Kenya, iliweka bei maalum ya kuchaji vyombo vya usafiri vya stima: shilingi 16 kwa yuniti, na 8 usiku. Hiyo ya usiku ina akili kabisa. Mvuke wa ardhini unaozalisha stima kule Olkaria hautulii eti Nairobi imelala. Heri uuzwe bei ya kutupa kuliko upotelee hewani. Sasa niambieni nani anaipata. Inataka mita yake pekee, na mita ya pili haiombwi na mpangaji peke yake. Mwenye boma na geti lake atajiombea. Sisi tunamtegemea mwenye ploti, na wetu hata balbu ya ngazi imemshinda.

Kwa hiyo jirani anachajia tokeni za nyumbani, na hapo ndipo anapochapwa mara mbili. Betri yake inakula kama yuniti 3. Akichaji kila siku, ni yuniti 90 kwa mwezi, juu ya friji, pasi na runinga. Wastani wako wa mwezi ukipita yuniti 100, unahamishiwa kundi la bei ya juu, na yuniti zako zote, hata za balbu ya choo, zinatozwa bei hiyo; mwaka 2023 ilipita shilingi 20 kwa yuniti kabla ya kodi na tozo. Yaani serikali inampongeza kwa kutunza mazingira, halafu inamtoza kama tajiri mwenye hita ya bwawa la kuogelea!

Haya, bado anaokoa kuliko kwa petroli, iliyovuka shilingi 200 kwa lita mwaka huohuo wa 2023. La sivyo asingepanda zile ngazi.

Na moto? Sawa, betri ya lithiamu kwenye jengo lenye ngazi moja tu ya kutokea, imechomekwa kwa ekstensheni ya bei ya chee, hata mimi ningelala jicho moja. Lakini dawa yake ni soketi ya maana pale chini, yenye waya mnene na swichi yake, si karatasi.

Mtasema akabadilishe betri stesheni, aache tupu achukue iliyojaa. Yake aliinunua pamoja na pikipiki, na betri ya kampuni hii haiingii kwa pikipiki ya ile.

Mimi ningeanzia hapa: mwenye logibuku (cheti cha umiliki) ya pikipiki ya stima asihamishwe kundi la bei kwa kosa la kuchaji. Hilo halihitaji mita mpya wala ruhusa ya mwenye ploti.