Waliopigwa mionzi utotoni: lawama ifike wapi?

Wapo wanaosema madaktari wa zamani, kwa mionzi na dawa zao, walitibu saratani ya damu ya watoto kwa kuwapandia nyingine. Ushahidi wanao. Mwaka 2007 hospitali ya watoto ya St. Jude, Memphis, Marekani, ilitoa hesabu ya watoto 2,169 waliotibiwa kati ya 1962 na 1998 na ugonjwa ukatulia: 123 walikuja kupata saratani au uvimbe mpya.

Mimi hiyo 123 hunisimamisha kila nikiifikia. Kuingia kwenye hesabu hiyo kulitaka kwanza uwe hai. Kabla ya mionzi kuanza, dawa zilisafisha damu, mtoto akarudi nyumbani kucheza, kisha asubuhi moja akaamka anashika kichwa na kutapika. Ugonjwa ulikuwa umejificha kwenye utando wa ubongo, dawa zisikofika vya kutosha. Ndipo mwaka 1967 Donald Pinkel, daktari wa St. Jude, na wenzake wakaanza kuwapa watoto 35 dawa, sindano za uti wa mgongo na mionzi ya kichwa, grei 24 (grei ni kipimo cha mionzi). Karibu nusu walipona, wakati waliopona kabla yao walikuwa wa kuhesabu.

Ukifuata hesabu hadi miaka 30, hatari ya kupata uvimbe mpya inakaribia 11 kwa kila 100. Humo zimo meninjioma, yaani uvimbe wa utando wa ubongo, na saratani nyepesi za ngozi, ambazo nyingi hukatwa zikaisha. Nyepesi, lakini si kwa anayefunguliwa fuvu akiwa na watoto wake mwenyewe, kwa sababu ya tiba ya alipokuwa na miaka mitano.

Penye lawama ya haki ni kwenye etoposaidi na tenoposaidi, dawa mbili za saratani. Mwaka 1991 hospitali hiyohiyo ilionyesha kuwa waliopewa dawa hizi mara moja au mbili kwa wiki, kama 12 kwa 100 walipata saratani nyingine ya damu ndani ya miaka sita. Wengine wengi walipona salama kwa ratiba tofauti. Kalenda tu! Ila waliogundua ni wao wenyewe.

Sasa watu wanatuonyesha watoto 498 waliotibiwa St. Jude kati ya 2000 na 2007: hakuna aliyepigwa mionzi ya kinga kichwani, na asilimia 93.5 walikuwa hai baada ya miaka mitano. "Si mnaona, haikuhitajika." Lakini waliowatibu hao waliweza kuona seli moja mbovu kati ya 10,000, wakajua nani aongezewe dawa. Pinkel alikuwa na hadubini.