Waliochanjwa Wamejaa Wodini, Kwa Hiyo?

Katikati ya Agosti 2021 hospitali za Israel zilikuwa na wagonjwa 515 wa UVIKO-19 waliozidiwa. Kati yao, 301 walikuwa wamekamilisha dozi. Huku kwetu Tanzania, Rais Samia alikuwa amechanjwa hadharani wiki chache tu nyuma, Julai 28, na watu walikuwa bado wanajadili wakachanje au waendelee na nyungu, yaani kujifukiza. Takwimu kama hiyo ikiingia kwenye kundi la WhatsApp la ukoo, mjadala umekwisha: karibu sita kati ya kumi wamechanjwa na bado wamelazwa, chanjo ya nini?

Anayeuliza hivyo si mjinga, hesabu yake ni sahihi. Ila hajauliza hao 301 wametoka kwenye watu wangapi. Tuwachukue waliofikisha miaka 50 na kuendelea, maana ndio waliojaa vitandani. Israel ilikuwa na watu wa rika hilo kama 2,130,000 waliochanjwa, na 290 kati yao walizidiwa. Wasiochanjwa walikuwa 186,000 tu, lakini wakatoa wagonjwa 171. Ukigawanya, unapata kama wagonjwa 14 kwa kila 100,000 waliochanjwa, na 92 kwa kila 100,000 wasiochanjwa. Vitanda ni vilevile, hadithi imegeuka.

Wapinzani wa chanjo wana hoja moja ambayo watetezi waliimeza kwa shida: kinga ilikuwa inafifia. Israel yenyewe ilishaanza kuwapa wazee dozi ya tatu mwishoni mwa Julai.

Swali la pili ni gumu zaidi. Ukishalazwa, je, chanjo inakuvusha? Utafiti wa hospitali 21 za Marekani, uliotoka Novemba 2021, ulionyesha kuwa ndani ya siku 28 asilimia 12 ya waliolazwa wakiwa wamechanjwa walifariki au kuwekewa mashine ya kupumulia. Kwa wasiochanjwa ilikuwa karibu asilimia 25.

Watetezi huishika namba hii kwa mikono miwili. Mimi naishika kwa mmoja. Aliyechanjwa na bado akalazwa mara nyingi ni mzee, au mtu ambaye kinga yake imedhoofishwa na dawa baada ya kupandikizwa figo. Hilo lingefanya waliochanjwa waonekane kufa zaidi. Upande wa pili, anayejali kuchanja huenda ndiye yuleyule anayehudhuria kliniki ya presha na kuwahi hospitali kabla kile kifaa cha kidoleni hakijaonyesha oksijeni imeshuka hadi asilimia 80. Watafiti walizingatia umri na maradhi mengine, lakini tabia ya mtu haiandikwi yote kwenye faili. Naamini chanjo inasaidia hata wodini. Kwamba tofauti ile yote ni kazi yake, sithubutu kuapa.

Tena kuna wodi yenyewe. Uchunguzi wa hospitali 64 katika nchi 10 za Afrika, uliochapishwa 2021, ulikuta asilimia 48 ya wagonjwa mahututi wa UVIKO-19 wakifariki ndani ya siku 30, zaidi ya wastani wa dunia wa 31.5. Chanjo ilikuwa haijafika huku wagonjwa wale walipolazwa. Walichopungukiwa ni vitanda vya mahututi, mashine za kusafisha damu, na wauguzi wa kupita kuwaangalia usiku.